Dozi Kwanza, Mshale Baadaye

Kama leo asubuhi umepewa kikopo cha plastiki chenye kifuniko, ukaambiwa uende nyuma ya jengo ukohoe mpaka kitoke kitu cha maana, basi karibu, keti. Umefika kwa mtu anayekujua. Mimi naitwa Wafula, muuza makoti ya mitumba pale Nakivubo, Mkenya wa Bungoma niliyeoa Kampala, na kikopo hicho nimekishika mara nyingi kuliko kikombe cha chai. Habari za vijidudu sitakueleza, wapo waliozisomea. Mimi nilisoma shule ya jioni miaka minne mizima, nikamaliza sekondari nikiwa na miaka thelathini na saba na upara unaobisha hodi, na mwalimu wangu wa insha alizoea kusema kwamba kwangu mimi hata kuku huwa na ukubwa wa ng'ombe. Kweli. Lakini haya ninayokuandikia, ukiondoa chumvi kidogo, yanabaki yaleyale.

Kukohoa kulianza Novemba, msimu wa nsenene, Kampala nzima ikinuka panzi wa kukaanga. Sikujali. Sisi watu wa mitumba wote tunakohoa. Ukikata kamba za robota la makoti ya sufi, vumbi linaloruka pale ni la mabara matatu. Jirani yangu wa kibanda anakohoa, aliyenifundisha biashara anakohoa, hata mteja akiinama kuchagua anakohoa. Nikakohoa na mimi kwa bidii. Nikanywa maziwa, maana kila mtu wa mitumba atakuapia kwamba maziwa huteremsha vumbi. Nilikunywa maziwa hadi ng'ombe wa Mbarara wakaanza kulalamika. Krismasi ikapita, Januari ikapita, mkanda wa suruali nikautoboa tundu la tatu kwa msumari, kisha la nne. Nikikohoa, mabati ya soko yanatetemeka na njiwa wanahamia mtaa wa pili. Nami bado nasema: vumbi.

Mke wangu Akello ni polisi. Tunakaa kwenye kota za polisi Naguru, sebule na chumba. Yeye ni mtu wa Lira, huko kaskazini, na maneno yake kwa siku unaweza kuyahesabu kwa vidole. Asubuhi moja ya Februari alinitazama nikivaa shati.

"Baba Nekesa, hilo si vumbi."

"Afande, ni vumbi tu."

"Vumbi halitoki na damu. Vaa viatu."

Alinipeleka hospitali kama mshukiwa, yeye nyuma mimi mbele.

Sasa, chumba cha kungojea cha watu wa kifua si chumba. Ni hema lisilo na kuta, limesimamishwa nje kabisa, mbali na wagonjwa wengine, ili hewa ipite. Ndani yake kuna mabenchi marefu na watu wamefunika midomo wakitazamana kwa macho. Mwenye hema alikuwa Sista Namubiru, Mganda mwenye sauti ya kengele ya shule. Kila asubuhi alitoka na kipande cha bendeji, akakifunga kwenye nguzo, akatazama kinapepea kwenda wapi. Kisha amri:

"Wapya, hapa mwisho! Wa zamani, huku juu! Upepo iko natoka huku. Ssebo, wewe mwenye koti, hapana kaa hapo, utapulizia watu!"

Upepo ukigeuka saa nne, benchi zima linanyanyuka na kuhama. Tulikuwa tunazunguka lile hema kama mishale ya saa. Kwa wiki mbili tu nilikuwa naujua upepo wa Kampala kuliko rubani.

Kwenye benchi hilo la mwisho ndipo nilipokaa karibu na Adriko. Alikuwa Mlugbara wa Arua, karibu miaka sitini, mwenye kofia ya kufuma na meno machache yenye kujiamini.

"Wewe kilo ngapi?" akaniuliza, bila hata salamu.

"Arobaini na tisa."

"Mimi hamsini na moja." Akajivuta, akakaa vizuri. "Basi mimi ndiyo tajiri hapa. Nisalimie kwa heshima."

Nilicheka hadi nikakohoa, naye akacheka hadi akakohoa, Sista akatoka akatutenganisha.

Jibu likaja: kifua kikuu. Miezi sita ya vidonge. Nakwambia ukweli, neno hilo halikuniuma. Kilichoniuma kilianza kesho yake, walipompima binti yetu, Nekesa, aliyekuwa na miaka mitano. Walimkuta mzima. Wakampa dawa yake ya kumkinga, na Sista akatuambia nilale peke yangu kwa wiki chache, dirisha wazi, halafu tutaendelea kuishi kama watu. Nikapumua. Lakini Akello alikuwa amempigia mama yake simu, na siku ya tatu mama mkwe akashuka kutoka Lira na basi la kwanza.

Mama mkwe ni mjane wa polisi, amelea watoto saba katika kambi za nchi hii, na Kiswahili chake ni cha gwaride. Hakuingia ndani. Alisimama mlangoni, uso ameugeuza pembeni kidogo kama adabu inavyotaka kati ya mama na mkwe wake.

"Mkwe, mimi naheshimu wewe sana. Lakini mtoto, mimi nachukua. Wewe kunywa dawa mpaka mwisho. Mwisho kabisa. Halafu yeye narudi."

"Mama, Sista amesema baada ya wiki chache..."

"Sista hapana zika bwana yangu. Mimi ndiyo nilizika."

Nilimtazama Akello anitetee. Akello alikuwa anakunja nguo za mtoto. Nikamuaga binti yangu nikiwa upande wa pili wa uwanja wa kota, napunga mkono kama mtu anayeongoza ndege, naye ananipungia huku bibi amemshika kiwiko asije akakimbia kwangu. Ndiyo maana ukiniuliza nilikuwa natibiwa nini miezi ile, sitasema kifua. Nilikuwa natafuta njia ya kumrudisha Nekesa nyumbani.

Vidonge vya miezi miwili ya kwanza vina ukubwa wa maharage ya Kisoro, na unameza kadhaa kwa mara moja. Mkojo unakuwa rangi ya soda ya chungwa. Usiogope! Mimi siku ya kwanza nilipiga kelele, majirani wakadhani nimeona nyoka. Jasho nalo linakuwa chungwa, kola za mashati meupe zinaharibika, machozi pia, kama una sababu ya kulia. Viungo viliuma hadi nikawa nashuka kitandani kwa awamu. Akello alinitengea sahani, akanitengea kikombe, akanitengea kiti, na jioni tulikaa kila mtu kwenye kona yake kama nchi mbili zisizoelewana. Nilimkasirikia. Naye alinikasirikia kwa ile miezi mitatu ya vumbi na maziwa. Lakini Jumapili moja alitoka zamu, akashuka hadi Ggaba, ziwani, akarudi na samaki mkubwa, akampika kwa nyanya, akasimama pale hadi nikamaliza kichwa na mifupa. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mwaka mpya chakula kiwe na ladha.

Kila mgonjwa lazima awe na mtu wa kumwona akimeza na kutia sahihi kwenye kadi yake. Akello ana zamu zisizotabirika, na Adriko alikuwa anaishi peke yake huko chini ya mteremko wa Naguru. Sista akakata shauri. "Nyinyi wawili, kila mtu aone mwenzake. Meza, fungua mdomo, inua ulimi, andika. Kale, sawa, mwendelee."

Basi kila saa moja asubuhi Adriko anapanda mteremko, anapumzika mara nne, anafika kwangu. Tunameza. Tunaoneshana ndimi kama watoto watukutu. Tunatia sahihi. Kisha tunakaa kwenye jua tukilinganisha kilo zetu. Wiki ya tatu alikuja na kitu kirefu ndani ya gunia.

"Hii ilikuwa kazi yangu," akasema.

Ulikuwa upinde. Huenda hukumbuki, lakini zamani walinzi wengi wa mageti hapa Kampala walilinda kwa upinde na mishale. Bunduki ilikuwa ya watu wakubwa. Adriko alilinda bohari moja miaka kumi na miwili, hadi kampuni ikaleta vijana wenye bunduki, naye akaondoka na upinde wake.

"Ulipiga wezi wangapi?" nikauliza.

"Hakuna. Mwizi akiona upinde, nafikiria mshale iko na sumu. Anakwenda kwa jirani." Akapapasa mbao ile. "Mara moja nilipiga panya. Nikakosa."

Akasimama, akaweka mguu vizuri, akashika kamba avute. Haikwenda. Akajaribu tena. Mikono ikatetemeka, kamba ikasogea upana wa vidole viwili. Nikampokonya kwa kiburi cha mtu wa miaka thelathini na minane. Kamba hata haikujua kwamba nimeigusa. Tulikaa chini wote wawili. Adriko aliutazama upinde wake kama mtu anayetazama mke aliyemsahau jina.

"Tukiweza kuvuta hii," akasema polepole, "tumepona."

Hapo ndipo nilipougua ugonjwa wa pili, wa upinde, ambao huo sijapona na sitaki kupona.

Adriko alichonga upinde mwembamba zaidi, wa kujifunzia. Mimi nikaleta gunia, nikalishindilia makoti ya sufi yaliyokataa kuuzika. Kuna koti moja la zambarau lenye vifungo vya dhahabu ambalo nimelitangaza Nakivubo miaka mitatu, na sasa likapata kazi. Tukalitundika gunia mbele ya ukingo mkubwa wa udongo, chini ya kota, mahali ambapo hakuna mtu anayepita nyuma. Akello akatuombea ruhusa kwa mkubwa wa kota. Mkubwa akaja mwenyewe kukagua, akatutazama dakika kumi tukihangaika na kamba, akasema: "Hawa? Hawa si hatari kwa mtu yeyote." Akaondoka.

Sheria ya Adriko ilikuwa moja. Dozi kwanza, mshale baadaye. Hujameza, hushiki upinde. Yeye aliiweka kwa sababu vidonge vilinitapisha na nilianza kuvikwepa kwa maneno matamu. Ikafanya kazi. Nilikuwa naviparamia vidonge kama karanga ili nifike kwenye mshale.

Mshale wangu wa kwanza ulianguka miguuni pangu. Wa pili ulikwenda nyuma, usiniulize kivipi. Kamba ikanichapa mkono wa kushoto hadi ukavimba rangi ya lile koti la zambarau, nikakata mkono wa koti jingine nikauvaa kama ngao.

"Unavuta na mkono," Adriko akafoka. "Vuta na mgongo! Mabega yako ya nyuma yasalimiane."

"Hayajuani."

"Yatajuana."

Na pumzi! Kulenga kunataka uvute pumzi, uiachie nusu, halafu unyamaze. Kifua changu kilikuwa kimesahau kunyamaza. Kila nikifika kwenye ule ukimya, kikohozi kinakuja kwa mbio kama mtu aliyesikia anaitwa. Machi yote nilikuwa nafika hesabu ya moja. Aprili, mvua zikiwa zimeanza na sisi tumejibanza chini ya paa la jirani tukisubiri ipungue, nikafika mbili. Siku niliyofika tatu, nikaachia mshale, ukaingia kwenye gunia, puu, kutoka hatua tano, nilikimbia kumwambia Akello kazini kwa simu ya kuazima.

"Umepiga nini?"

"Koti!"

"Kutoka wapi?"

"Mbali! Mbali sana, Afande. Hata sikuliona vizuri."

Nikamsikia akicheka. Tangu Februari sikuwa nimemsikia.

Mwisho wa mwezi wa pili makohozi yakapimwa, yakawa safi. Vidonge vikapungua. Nikawa na kilo hamsini na tano, Adriko hamsini na sita, akadai ushindi. Tukasogea hatua kumi, kisha kumi na tano. Ule upepo wa hema la Sista ukawa elimu: nilikuwa nautazama ukigeuza majani na najua kabla ya Adriko kwamba mshale utakwenda kushoto. Wake wa polisi walianza kuja kutucheka, kisha wakaomba kujaribu. Akello alikuja Jumamosi moja na sare zake, akauliza upinde unashikwaje, akavuta, akalipiga koti la zambarau kwenye kifungo cha pili. Akanirudishia upinde. "Si ngumu," akasema, akaenda kazini. Nilimpenda upya, nikamkasirikia upya, siku hiyohiyo.

Sasa nifike pale ninapoona haya. Ulikuwa Juni, mwezi wa nne. Nilikuwa na mashavu. Nilikuwa nauvuta upinde wa kujifunzia kama uzi wa kushonea. Nikasema nitakwenda Lira nimwoneshe mama mkwe mtu aliyepona, nirudi na mtoto wangu. Nikamwomba Adriko anitie sahihi za siku saba mbele.

"Utakunywa huko?"

"Nitakunywa huko."

"Ulimi utaonesha nani?"

"Mama mkwe," nikasema, tukacheka. Akatia sahihi zote saba.

Lakini nilipokuwa nafunga begi nilijiona nimekaa katika uwanja wa mama mkwe, nameza vidonge mbele ya macho yale. Mgonjwa. Nikavisukuma chini ya godoro, nikapanda basi bila hata cha siku hiyo.

Siku mbili zilikuwa za asali. Nekesa alinizunguka kwanza kwa mbali, kisha kwa karibu, kisha akanipa doli lake nilishike, jambo ambalo kwake ni kama kukupa hati ya nyumba. Asubuhi ya tatu mama mkwe alikuwa anapepeta simsim barazani, uso pembeni kama kawaida.

"Mkwe. Dawa wewe nakunywa saa ngapi?"

"Nilimaliza, mama."

"Ya miezi ngapi?"

"Minne."

Ungo ukaacha kucheza. "Bwana yangu pia alimaliza kwa mwezi ya nne. Alikuwa na nguvu. Alicheza mpira na vijana ya kambi." Akapuliza makapi. "Mwaka haikuisha."

Akamwita mtoto. "Nekesa, kuja hapa kwangu." Nekesa alinitazama, akachukua doli lake mkononi mwangu, akaenda. Jioni hiyo nilikuwa Kampala, peke yangu.

Akello alikuwa ameshainua godoro. Mama yake alikuwa amempigia. Vidonge alivipanga mezani kama vielelezo vya kesi, na hakupandisha sauti. Afadhali angepandisha.

"Siku nne," akasema. "Mimi namlilia mtoto wangu kila siku nikiwa kwenye doria, nafuta macho kwa kofia. Nilikuwa nahesabu siku zako kama za kwangu. Kumbe umezichezea."



Kesho yake Adriko alipanda mteremko. Nilimwambia mwenyewe. Alisikiliza hadi mwisho, akafungua kadi yangu, akatazama sahihi zake saba, akachukua kalamu yangu akazikata moja moja, mstari juu ya mstari. Kisha akaulegeza upinde, akafungua kamba, akaitia mfukoni.

"Mimi sikufukuza panya tu," akasema. "Miaka kumi na miwili mtu akinipa geti, asubuhi anakuta geti."

Sista Namubiru alinipigia kelele hadi hema zima likageuka, bila kungoja upepo. Siku nne zile zikaongezwa mwishoni. Na akaniambia wazi: kipimo cha mwezi wa tano ndicho kitasema. Kikiwa kibaya, tunaanza upya, na pengine na dawa kali zaidi. Kuanzia hapo nilikuwa nameza mbele ya watu wawili, Akello na Adriko. Adriko alikuja kila asubuhi, akatazama ulimi, akatia sahihi ya siku moja tu, akakaa bila kuniambia neno. Alifundisha wale wake wa polisi. Mimi nilikuwa naokota mishale. Wiki tatu niliokota mishale, nikaifuta matope, nikanyoosha manyoya yake, nikairudisha. Ndiyo wiki nilizojifunza zaidi, maana niliona makosa ya kila mtu na nikayatambua kuwa yangu.

Julai nikapeleka kikopo. Siku za kungojea jibu ni ndefu kuliko za kuumwa. Nikikohoa kidogo tu kwa moshi wa jiko, Akello anaacha kijiko hewani. Siku ya jibu aliomba ruhusa kazini akaja kukaa nami kwenye benchi, na sare, watu wakadhani nimekamatwa. Sista akatoka na daftari. Akamtazama Akello, akanitazama mimi.

"Ssebo Wafula. Una bahati mbaya."

Benchi liliyeyuka chini yangu.

"Utaendelea kuniona mpaka Agosti, na mimi nimechoka na wewe. Safi. Hakuna kitu!"

Nilipiga yowe, nadhani Entebbe walilisikia. Akello hakupiga yowe. Alinishika mkono, pale mbele ya hema zima, na vidole vyake vilikuwa baridi kama maji ya mtungi. Tulipofika nyumbani, Adriko alikuwa ameketi kwenye jiwe nje ya mlango. Alituona nyuso, akatia mkono mfukoni, akatoa kamba, akaanza kuifunga kwenye upinde. Si ule wa kujifunzia. Ule mkubwa.

"Umemeza leo?" akauliza.

"Nimemeza mbele yako, mzee."

"Fungua mdomo."

Nikafungua. Akanipa. Nikasimama, mabega ya nyuma yakasalimiana, kamba ikaja, ikaja, ikafika shavuni. Hatua ishirini na tano. Nikakosa gunia kabisa, mshale ukazama kwenye udongo hadi manyoya, tukauchimba kwa jembe. Lakini ulivutika!

Agosti nilimeza kidonge cha mwisho, pamoja na zile siku nne. Wakanipa kikopo kwa mara ya mwisho, nami, mtu niliyehamisha njiwa, nilizunguka nyuma ya jengo nusu saa nikikohoa kwa nguvu zote na hakikutoka kitu. Kavu! Sista akasema hilo nalo ni jibu, ijapokuwa alinirudisha mara mbili nijaribu tena. Akaandika kwenye kadi kwamba nimemaliza na nimepona. Akello akapiga picha kadi hiyo pande zote mbili, akaituma Lira.

Walikuja Jumamosi. Tulikuwa watu saba kwenye mteremko: wake wa polisi wanne, Akello, Adriko mwenye kilo sitini na moja na barua yake ya kupona kwenye kofia, na mimi. Sasa tuna kamba ndefu iliyolazwa kwenye nyasi, na kila mtu hupigia nyuma yake. Hakuna anayeivuka hadi mshale wa mwisho umetoka na Adriko ameita. Mama mkwe alishuka mteremko na Nekesa mkononi, mtoto amerefuka, jino moja halipo. Nekesa akaniona. Akafanya hatua mbili za mbio.

"Simama hapo, Nekesa! Usisogee!" nikaita, kwa sababu mke wa koplo alikuwa bado ana mshale kwenye kamba.

Nekesa akaganda. Akarudi nyuma, taratibu, mwenyewe, bila kuvutwa na mtu, akashika gauni la bibi yake.

"Baba bado naumwa?"

Hakuna mshale ulionichoma vile. Nikauweka upinde wangu chini. Nikapiga magoti palepale nilipokuwa.

"Hapana. Baba amepona. Ni mishale tu inayoruka. Ikiisha kuruka, unakuja."

"Nakuja mpaka wapi?"

"Mpaka hapa. Mpaka kwangu."

Akamtazama bibi. Mama mkwe, mwanamke ambaye kwa miaka sita hakuwahi kunitazama usoni, alinitazama. Alinitazama kifua kikipanda na kushuka, muda mrefu, kama anayesikiliza mlangoni. Kisha akakunjua vidole vya mtoto kwenye gauni lake, kimoja kimoja.

Mshale wa mke wa koplo ukatoka. Puu.

"Wazi!" Adriko akaita.

Nekesa akaja kama jiwe lililorushwa, akanipiga kifuani kwa kichwa, nikaanguka chali, pumzi yote ikatoka na yote ikarudi. Nikamweka mabegani. Tukavuka kamba tukikimbia, hatua ishirini na tano hadi kwenye gunia, yeye akipiga kelele na mimi nikipiga kelele zaidi, na tulipofika nilikuwa bado na pumzi ya kumwambia auchomoe mshale taratibu, kwa mikono miwili, ukiwa umenyooka.